Maji Yaliyovimbiwa

Juzi nilikuwa naosha jerikeni ambalo mpangaji aliyehama aliliacha nyuma ya nyumba, juani, likiwa na maji nusu. Mnajua venye huwa. Ndani kumeota kile kitu cha kijani kinachoteleza kama kamasi, na ukifungua kifuniko kuna harufu inakuja polepole, si uvundo hasa, ni kama nyasi mbichi zilizolala kwenye chuma. Nikatia kokoto na sabuni ya unga, nikaanza kutikisa, chaka chaka chaka, vile tulivyofundishwa wote. Halafu harufu ikanifikia vizuri, nikajikuta nimekaa chini kwenye ngazi. Mtoto wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka samaki. Akacheka sana. Akasema jerikeni halina samaki.

Nililetwa Nairobi nikiwa mdogo, nisome na nimpikie Baba uji. Mama alibaki nyumbani, upande wa ziwa, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, kwa sababu kazi ya mjengo ya Baba ilikuwa ya leo ipo kesho haipo. Tulikaa Kibera, kule chini kabisa, ambapo ukifungua mlango unaona bwawa. Sisi wenyeji tuliliita dam tu. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba sisi ni watu wa ziwa, na hayo ndiyo maji makubwa ya kwanza niliyoyaona tangu niondoke kwetu, basi nikajua hilo ndilo ziwa lenyewe. Ng'ambo kulikuwa na nyumba za mapaa mekundu ya vigae na miti iliyokatwa vizuri. Nikaamini huko ndiko nyumbani. Nikaamini Mama yuko katika mojawapo ya zile nyumba anapika, ila hana haraka ya kunijia. Kuna jioni nilikuwa napunga mkono mpaka bega linauma. Baba hakuniuliza nampungia nani.

Baba alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mtu wa kubeba mawe. Jumapili alishuka bwawani na wanaume wengine wa kwetu, wakatega nyavu ndogo, na tukala ngege, wale perege wetu, wa ukubwa wa kiganja. Lakini maji yale yalikuwa yanabadilika. Mwanzo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Halafu yakawa kijani hafifu, Baba akafurahi, kwa sababu mvuvi wa kwetu akiona maji ya kijani anajua kuna chakula cha samaki. Halafu yakawa kijani kama rangi ya mlango wa duka. Mabomba ya ng'ambo yalileta maji taka yao na mitaro yetu ya upande huu ikaleta yetu, na mvua ikachanganya. Gugu maji likaanza kutandaza majani yake pembeni, lina maua mazuri ya zambarau, nikayachuma nikayaweka kwenye mkebe. Baba aliyaangalia yale maua kama mtu anayeangalia barua ya kufukuzwa kazi.

"Hii maji inalishwa na kila mtu," aliniambia, "na hakuna mtu anaipima."

Ndipo akapata wazo la Kawangware.

Kule Kawangware alikuwa amejenga vyumba vya mabati kwenye ploti ya mzee mmoja Mkikuyu, mwenyeji wa tangu zamani, ambaye wapangaji wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Guka, yaani Babu. Nyuma ya ploti, kupita zizi la ng'ombe wake na shamba lake la napier, majani ya ng'ombe, kulikuwa na shimo la zamani la kuchimba mawe. Shimo lilijaa maji ya mvua na ya chemchemi, safi, baridi, halikauki. Guka alilichukia kwa sababu mbuzi wake aliwahi kuangukia humo. Baba akamwambia, Mzee, nipe hilo shimo nifuge samaki, tutagawana nusu kwa nusu. Guka akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. Akasema yeye hajawahi kuona mtu akipanda kitu kwa shimo la mbuzi, lakini kama huyu Mjaluo wake anataka kulima maji, alime. Wakashikana mikono. Hakukuwa na zaidi ya hapo, mkono tu.

Tukahamia chumba kimoja kwenye ploti yake. Samaki tuliwahamisha kutoka bwawani kwa mkokoteni, wadogo kama vidole, ndani ya pipa lililokatwa. Tulipanda nao kupitia mtaa wa Ayany asubuhi, mimi nikisukuma nyuma, Baba akivuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya pipa, unakoroga, unakoroga, njia nzima. Watu waliuliza kama anauza supu. Nilipomuuliza kwa nini haachi, alisema hata samaki anahitaji hewa, na hewa inaingia kwa maji yakichezwa. Tulipofika, mkono wake ulikuwa mweupe na umekunjamana kama wa mzee sana.

Sasa sikilizeni jinsi samaki wa shimo wanavyofugwa, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Huwalishi samaki. Unalisha maji. Baba alijaza gunia samadi ya ng'ombe wa Guka, akalifunga mdomo, akalitundika pembeni ndani ya maji kama mfuko mkubwa wa majani ya chai. Baada ya siku kadhaa za jua, maji yakaanza kuwa na ukijani, na ule ukijani ndio chakula chenyewe. Ukichukua kwa mkono huoni kitu, lakini samaki anauona. Na kipimo kilikuwa mwili wake. Baba alilala kifudifudi kwenye jiwe, akazamisha mkono wima, kiganja kimefunguliwa.

"Kiganja ikipotea maji ikifika hapa," alinionyesha kiwiko, "basi maji imeshiba. Ikipotea kabla, maji ikiwa hapa tu," akashika kifundo cha mkono, "basi imevimbiwa. Hapo unatoa gunia."

Nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaona kiumbe aliyeumizwa na shibe. Nilijua watu waliolala njaa, nilijua mbwa waliolala njaa, mimi mwenyewe nilijua kunywa maji mengi kabla ya kulala ili tumbo linyamaze. Kuvimbiwa, kwangu, kulikuwa jambo la sikukuu, jambo la kujisifia shuleni.

Na kuna kitu kingine Baba alikuwa amesema, ambacho nilikishika kuliko kipimo chochote. Alisema samaki hawa wakinenepa, Mama anakuja. Atakuja na mtoto, tutachukua chumba cha pili, atakaanga samaki kando ya barabara pale Satellite, na hatarudi tena. Basi nikawa naenda shimoni kila nikitoka shule, kuangalia ukijani. Ukiongezeka kidogo, nasema Mama amefunga mizigo. Ukiongezeka tena, nasema Mama amefika stendi. Nilikuwa na rafiki, Shiro, mjukuu wa Guka, msichana wa mdomo. Aliniuliza mama yangu anafanana na nani, ngege ama omena, wale dagaa wetu. Nikamwambia anafanana na mama yake, ila ana meno yote. Tulipigana, halafu tukaenda pamoja kuangalia samaki.

Na walikuwa wananenepa, jamani. Jioni ukirusha pumba kidogo, za kuwaona tu, waliruka, migongo inang'aa, maji yanachemka. Guka alianza kuleta wageni. Alisimama pale na fimbo yake akawaonyesha shimo la mbuzi kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu. Alimwita Baba injinia. Sikumchukia Guka wakati huo, na hata leo nikitaka kumchukia lazima nijikaze, kwa sababu alinipa maziwa bila kuombwa na aliniita kairitu, kasichana, kwa sauti ileile aliyomwitia Shiro.

Lakini Guka alikuwa mtu wa napier. Napier ukiimwagia samadi inarefuka, ukiimwagia zaidi inarefuka zaidi. Siku moja tukamkuta amesimama kwenye ukingo na wilbaro, anamwaga samadi mbichi ndani ya maji, yote, mvuke unatoka. Kesho yake akamwaga nyingine. Halafu akachukua jembe akageuza ule mtaro wa mabafu ya wapangaji, uliokuwa unaenda chini mtoni, akauelekeza shimoni. Maji ya sabuni na mikojo, alisema, yasiende bure kwa watu wa chini.

Baba alisimama karibu naye, kofia mkononi. Wapangaji wengine walikuwa pale, wengine wanafua.

"Mzee," alisema, "naona ni kama imetosha."

"Imetosha?" Guka akageuka kuangalia watu. "Napier yangu ishawahi kuniambia imetosha? Injinia, wewe umelima wapi? Mimi kitu nikiona inapenda kukula, naipatia."

Watu wakacheka. Na Baba akacheka pia. Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote, kile kicheko cha Baba, kifupi, cha kukubaliana. Nikacheka na mimi, kwa sababu niliona ni siku nzuri. Maji yalikuwa yamekuwa kijani hata kokoto za ukingoni zilikuwa zimevaa kijani. Kwa hesabu yangu Mama alikuwa ameshavuka Nakuru.

Jioni ile Baba akalala kwenye jiwe, akazamisha mkono. Kiganja kikapotea kabla hata kifundo hakijalowa. Nikapiga makofi. Alikaa hivyo kwa muda, shavu kwenye jiwe, halafu akautoa mkono akaupangusa kwenye suruali, ukaacha alama ya kijani. Alivua gunia letu akalificha nyuma ya choo. Akachukua ndoo, akaanza kuchota maji ya kijani na kuyamwaga kwenye napier, na kuleta maji ya mto kumwaga shimoni, mpaka giza likaingia. Kwa shimo la ukubwa ule ilikuwa kama kukausha mvua na leso. Nilimuuliza kwa nini asimwambie Guka vizuri, akiwa peke yake, amwambie kuhusu kiganja.

"Shimo ni yake, nyathina," alisema. Alitumia lile neno letu la kumwita mtoto wako mwenyewe, neno alilolitumia nikiwa na homa. Kisha akaongeza, kama anajiambia, kwamba hata chumba ni chake.

Ikaja ile baridi ya Julai. Mnaijua Kawangware Julai, mawingu yamekaa juu ya mabati kama blanketi chafu, manyunyu, nguo hazikauki, jua unalisikia kwenye redio tu. Siku zikapita hivyo. Maji yakaanza kubadilika rangi kwa mabaka, kijani hapa, kahawia pale, na juu kukawa na utando unaokunjika ukiugusa na kijiti. Harufu ndiyo ile ya jerikeni, lakini jerikeni la ukubwa wa uwanja.

Asubuhi moja nilipita shimoni nikienda mtoni kuchota maji ya kuoshea vyombo, kukiwa kunaanza kupambazuka. Na nikaona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Samaki wote walikuwa juu. Wote, wakubwa kwa wadogo, wamepanga midomo yao nje ya maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, bila kelele, ukingo hadi ukingo. Nilidhani wanaimba. Kweli, nilisimama pale na sufuria nikadhani wananiimbia. Nikarudi mbio, nikamtikisa Baba, nikamwambia samaki wametoka kutusalimia, leo Mama anafika.

Aliruka akiwa na kaptura tu. Hakusimama kwenye ukingo, aliingia moja kwa moja, akaanza kuyapiga maji kwa mikono yote miwili, anayarusha juu, anayapiga, anayarusha. Aliniita nilete karai. Nikaleta, Shiro naye akaja na la kwao, tukasimama kwenye kingo tunachota na kumwaga, tunachota na kumwaga, mimi nikicheka kwa sababu nilidhani ni mchezo. Wapangaji walitoka na miswaki mdomoni. Mmoja akasema huyu jamaa ameshikwa na kitu cha kwao. Baba akawaomba waingie, wapige maji, tafadhali, wapige tu. Hakuna aliyeingia. Na ninaapa pale alipokuwa anapiga, kwa kile kiduara kilichomzunguka, samaki walianza kuzama tena wakiogelea.

Halafu Guka akafika na koti lake la usiku. Aliona mtu kifua wazi anavuruga maji, na samaki wamekaa juu pembeni kama waliokimbia.

"Toka hapo," alisema.

"Mzee, hawana hewa. Nisaidie niite vijana..."

"Nimesema utoke. Unaua samaki yangu."

Hakuwa amewahi kusema yangu. Mpaka siku hiyo walikuwa samaki wa injinia, ama samaki zetu. Baba alisimama, maji yakiwa kifuani, yanamtiririka kijani usoni. Alimwangalia Guka, akaangalia vyumba vya mabati, akaniangalia mimi na karai langu. Na akatoka. Alitoka polepole, akakaa kwenye jiwe lake la kupimia, akakunja mikono akaibana kwapani kama mtu anayeizuia.

Tulitazama. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Ile midomo ilifungua na kufunga, halafu mmoja akalala ubavu, tumbo jeupe, halafu mwingine, na kabla watu hawajaenda kazini shimo lote lilikuwa jeupe. Sijui kwa nini nilifikiria shuka.

Guka alisema Baba ndiye aliyewaua kwa kuvuruga tope. Baadaye kidogo alisema ni dawa, kwamba watu wa ziwa hawaachi kitu bila kukitia sumu. Aliyasema mbele ya watu, na watu waliokuwa wakimsalimia Baba kwa jina wakaanza kuangalia miguu yao. Wengine walitaka kuchukua wale samaki wakakaange, Guka akakataa, akaogopa sumu aliyoitunga mwenyewe. Akaita vibarua wachimbe mitaro katikati ya matuta ya sukuma wiki ya mkewe, wakawafukia wote humo. Baba alikuwa mmoja wa vibarua hao. Hakuwa na kazi nyingine wiki ile.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya wafugaji wa samaki kule nyumbani, nilielezwa kwa picha kilichotokea. Ule ukijani ni mimea midogo sana. Jua likiwepo inatengeneza hewa, usiku inaivuta. Ukiipa mbolea kidogo ni chakula, ukiipa nyingi inakuwa umati, na jua likikosekana umati huo unakufa, unaoza, na kuoza kunamaliza hewa yote iliyobaki. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi. Mwalimu alisema maziwa makubwa nayo yanaweza kufa hivyo hivyo, polepole, kwa kulishwa na kila mtaro. Wenzangu waliandika. Mimi nilijua tayari mkono unapotea wapi. Nilichokuwa naomba kuambiwa ni kwa nini mtu anayejua kipimo anacheka na wanaocheka, lakini hilo halikuwa kwenye picha.

Baba alituma ujumbe nyumbani kwa kondakta wa basi, kwamba Mama asije kwanza, maji yameharibika. Ujumbe ulichelewa ama Mama hakutaka kuusikia. Alikuja shule zilipofungwa, na mdogo wangu mgongoni, na sufuria kubwa ya kukaangia kichwani. Niliruka mpaka nikaangusha kitambaa chake. Nilidhani nilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba ukijani ulimleta. Usiku niliwasikia wanaongea kwa sauti ya chini upande wa pili wa pazia, Baba anaongea kidogo, Mama anaongea kidogo zaidi. Asubuhi nikaambiwa nitarudi naye nyumbani. Nairobi haitutoshi wote, walisema, na Baba atabaki atafute mjengo. Nilimpata Mama kwa kumwacha Baba, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kubadilishana.

Mke wa Guka alisikia tunaondoka. Alikuwa mama mpole, hakuingilia maneno ya mumewe. Jioni akaja mlangoni na furushi la sukuma wiki, zawadi ya safari, akimwambia Mama pole kwa yote. Majani yalikuwa mapana kama masikio ya ng'ombe, mazito, ya kijani cheusi, yanang'aa. Mama aliyageuza kwenye taa ya kibatari akashangaa. Alisema huu udongo wa Nairobi kweli una baraka, kwao mboga haikui hivi. Hakujua ni matuta gani. Mimi na Baba tulijua. Hatukuangaliana.

Mama aliyapika na kitunguu, kwenye ile sufuria yake ya kukaangia, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haijafungwa. Tukala na ugali, sisi wanne chumba kimoja, mara ya kwanza na ya mwisho. Ningependa kuandika kwamba yalikuwa machungu, ama kwamba nilishindwa kumeza. Yalikuwa matamu. Yalikuwa matamu kuliko mboga yoyote niliyokula, na nilikuwa na njaa, na nilipangusa sahani kwa kidole nikaomba nyongeza. Sufuria ilikuwa tupu. Baba akasogeza sahani yake mbele yangu, ikiwa bado imejaa, akaushika mkono wangu akaurudisha kwenye chakula.

"Kula, nyathina," alisema. "Kula umalize."